Chupa mbili, majina mawili, ukoo wa dawa ni uleule

Ukigusa mche mmoja tu wanaruka kama unga uliopulizwa. Ndivyo nilivyowakuta inzi weupe kwenye kitalunyumba changu hapa Tengeru, siku chache baada ya kupiga dawa, tena nimepima kama lebo inavyosema na kulenga chini ya majani wanakojificha. Majani yananata kwa utomvu wao, nyanya zimeanza ukungu mweusi kama masizi.

Nikarudi na chupa yangu duka la pembejeo. Yule kijana hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Mama, dawa haina shida, wewe hujui kupiga." Mbele ya wateja! Mimi niliyeanza nyanya yeye bado anavaa kaptula ya shule. Akanipa chupa nyingine, jina jingine, bei karibu mara mbili: "Hii ndiyo kiboko yao." Nikalipa. Wiki iliyofuata, unga uleule.

Ndipo nikavaa miwani nikazisoma zote mbili. Ya kwanza imidakloprid. Ya pili asetamiprid. Ukoo mmoja huo, kundi 4A (dawa hupangwa makundi kwa namna zinavyoua), zote zinampiga mdudu palepale kwenye neva. Aliyeizoea moja, mara nyingi na nduguye haimwangushi. Wanaopona ndio wanaozaa, na kwa joto la mle ndani, wiki tatu hivi kizazi kingine kimekamilika.

Nilishawaambia majirani dawa ni feki. Hilo nalifuta, nilikosea. Na ni kweli nilipiga hiyohiyo misimu mitatu mfululizo, nikawafuga sugu mwenyewe. Lakini misimu yote mitatu nani aliniuzia? Yeye! Hakuwahi kuniuliza, "Mama, mara ya mwisho ulipiga nini?" Swali moja tu lingeokoa nyanya zangu.

Bwana shamba ndiye aliyeniambia nibadilishe kundi, nisibadilishe jina la chupa. Sasa napiga spiromesifeni, kundi 23, inayowamaliza wangali wachanga. Nimetundika karatasi za njano zenye gundi, majani ya chini nimeyatoa na kuyafukia nje. Wamepungua, japo hawajaisha.

Lile duka mbegu zake ni nzuri na mipira ya kumwagilia kwa matone wanauza bei ya haki, kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikusudia kusema nitaendelea kununua kwao. Hapana. Nikiikumbuka ile "hujui kupiga" damu inachemka. Alinivunjia heshima mbele ya watu, aniombe radhi mbele ya watu, ndipo nitakanyaga tena pale.