Sufuria ya presha badala ya otoklevu: uzoefu wangu katika maabara ya shule

Kwa maabara ya shule inayomimina sahani thelathini za agari (jeli ya kuoteshea bakteria) kwa wiki, sufuria ya presha ya jikoni ya lita 7.5, yenye kizito (kipande kinachokaa juu ya tundu la mvuke) cha presha ya paundi 15 kwa inchi ya mraba, inatosha badala ya otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wenye presha. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imekosekana kwa sababu haina geji: huoni presha, unasikiliza mvuke tu.

Chini naweka kiweko cha chuma na maji ya kina cha sentimita 3. Juu yake zinakaa chupa nne za mililita 250, kila moja na mililita 150 za agari (gramu 4.2 za unga wa agari unaochanganywa gramu 28 kwa lita). Zikijazwa zaidi zinafurika. Kifuniko cha chupa kaza, kisha kirudishe nusu mzunguko. Chupa iliyokazwa hupasuka.

Wengi wanaharibu kazi kwenye hewa. Maji yakichemka, usikimbilie kuweka kizito. Acha mvuke utoke mfululizo dakika 10 uifukuze hewa yote. Nusu yake ikibaki ndani, kizito kitacheza vilevile na mvuke utalia vilevile, lakini joto litaishia karibu nyuzi 112 badala ya 121. Kwa masikio huwezi kujua.

Muda unahesabiwa tangu kizito kianze kucheza, moto ukiwa umepunguzwa. Vitabu vinasema dakika 15. Hizo ni za Mombasa au Dar es Salaam. Nairobi iko juu, hewa ya nje ni nyepesi, na paundi zilezile 15 hufikisha kama nyuzi 118. Nyuzi tatu ni kidogo kwa maharage, ila kwa spora za bakteria (umbo lao gumu linalostahimili joto) maana yake ni muda mara mbili. Huku ni dakika 30.

Ukizima moto, ondoka. Subiri dakika 40 hivi, presha ishuke yenyewe. Ukiinua kizito kuharakisha, agari ambayo bado imepita nyuzi 100 inachemka kwa mkupuo, inaruka nje ya chupa na kuziba tundu la mvuke. Tundu likiziba, umebaki na vali ya usalama tu. Ndiyo maana kabla ya kila duru nalielekeza tundu kwenye mwanga na kupitisha waya mwembamba. Mpira wa mfuniko nao ukianza kukauka badilisha, maana mvuke ukivuja pembeni maji huisha kabla ya muda.

Tepu ya kubandika kwenye chupa, inayobadilika rangi ikipata joto, inathibitisha joto tu, haithibitishi kwamba vijidudu vimekufa. Mimina sahani mbili usizipande kitu, ziache siku mbili: zikitoa madoa, kagua hewa na muda kwanza, halafu mikono iliyomimina.

Taka zilizotiwa dawa ya klorini zisiingie kwenye sufuria, zikipashwa hutoa gesi. Nimeandika SI YA CHAKULA ubavuni na kwenye mfuniko pia, maana mifuniko hubadilishana.

Maikrowevu ninaitumia kuyeyusha tena agari iliyoganda, si kuua vijidudu: nguvu nusu, sekunde 30, kisha dakika nzima bila kuigusa. Agari iliyotulia inaweza kufoka ukiitikisa.