TAHADHARI: "Safari ya tiba ya maji ya gesi" inayouzwa hapa mjini

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, hasa mlio na wazee wenye sukari na presha: kuna mtu anapita majumbani akiuza safari ya Manitou Springs, mji mdogo wa Colorado, Marekani, wenye chemchemi za maji ya gesi. Kwetu Kikwajuni kashapita, sasa nasikia yuko Chake. Anataka shilingi 2,500,000 za "kushikia nafasi", zilizobaki mtu alipe viza ikitoka. Msimpe kitu.

Shangazi yangu keshatoa bangili zake kwenda kuziuza, ndipo nikaomba kuiona hiyo karatasi ya gharama. Imepigwa chapa vizuri, ina picha za milima, na mstari wa tatu unasema: "kiingilio cha chemchemi nane, dola 320". Kha! Manitou nimefika mwenyewe, dada yangu anaishi jirani na hapo. Chemchemi ziko kando ya njia, maji yanachirizika kwenye vibeseni vya mawe, watu wanakinga kwa vikombe na chupa, na hapana anayekudai hata senti. Iliyo mashuhuri kwa ubaya wa ladha ni Iron Spring: maji yana chuma mpaka yanapopita pamegeuka rangi ya kutu, na ukinywa ni kama umelamba msumari.

Chini yake kaandika "kuoga kwenye chemchemi za moto". Maji yale yanatoka baridi, na ni ya kunywa. Ni mvua na theluji za mlima Pikes Peak zinazozama chini, zikapita kwenye mawe ya chokaa, zikabeba madini na hewa ya kaboni. Hewa hiyo ndiyo inayoyapandisha juu na kuyatia povu.

Kweli, mji ulipoanzishwa mwaka 1872 ulitangazwa kuwa mji wa tiba, na wagonjwa wa kifua kikuu walikwenda kwa wingi. Lakini dawa za kifua kikuu zilikuwa bado. Jamaa anaichukua habari hiyo, anaigeuza dawa ya sukari. Wala hamwambii mtu wa presha kwamba maji yale yana sodiamu, au kwamba mji uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, hewa nyepesi. Mzee aliyezoea Forodhani apelekwe kule bila kumuuliza daktari wake?

Na hiyo "viza ya uhakika" ni uongo mtupu. Anayeamua ni ofisa wa ubalozi kule Dar es Salaam, na ukinyimwa, ada hairudi.

Nilimuuliza leseni ya Kamisheni ya Utalii, akasema "iko njiani". Nikamuuliza mbona namba ya kulipia ina jina la mwanamke, wala si la kampuni. Akasema ni mhasibu wake, akaaga, chai hakuimaliza.

Waliokwisha kulipa, msifute meseji hata moja, na karatasi yake msiichane. Nendeni nazo polisi pamoja na ujumbe wa muamala, na meseji zake za kuomba pesa zitumeni 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Akiwapigia kusema pesa zitarudi ila kwanza mlipe "ada ya kurejeshewa", kateni simu.