Riwaya Moja, Wasimulizi Wawili

Mimi ni mshonaji. Macho yangu yote yako kwenye sindano, masikio hayana kazi, ndiyo maana nilijiandikisha kwenye programu ya vitabu vya sauti. Nilianza na riwaya ya upelelezi yenye urefu wa saa 10, iliyosomwa na mwanamume mwenye sauti nene, ile ya kutangaza msiba. Ukimsikiliza umetulia utasema huyu ndiye. Lakini mota ya cherehani nayo inanguruma chini hukohuko iliko sauti yake. Nikikanyaga pedali anamezwa, nikiachia anaibuka katikati ya sentensi.

Hilo simlaumu, cherehani ni yangu. Yapo yaliyo yake mwenyewe. Kila sentensi anaishusha mwishoni kwa kiimbo kilekile, mtu akiuliza, akijibu, akikata roho. Wanawake wote kawapa sauti moja ya kubana pua, kiasi kwamba bibi na mjukuu wakigombana hujui nani kamtukana nani. Na kubwa kuliko yote ni muuaji. Sura ya 2 anaingia daktari mpole, msimulizi anampa mkwaruzo wa koo na kicheko cha chinichini. Basi, nikajua. Mwandishi kahangaika kuificha siri kitabu kizima, huyu kaitoa kwa pumzi moja!

Niliongeza kasi hadi 1.25. Wapi! Kasi inafupisha maneno na vituo kwa pamoja, kwa hiyo asiyejua kutua bado hajui kutua, ila sasa ana haraka. Sura ya 6 nikaacha.

Kwa hasira nikajaribu kitabu kingine kilichosomwa na sauti ya kompyuta. Haichoki, haikohoi, matamshi safi. Ikafika mahali pameandikwa "alimfahamu barabara", ikatamka ile barabara ya magari. Kwenye maandishi maneno hayo ni mapacha. Mkazo ukikaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni njia, ukirudi nyuma silabi moja ni sawasawa. Hakuna aliyenifundisha hilo, sikio linajua tu. Nilicheka peke yangu, nikazima.

Wiki chache baadaye nikagundua riwaya ileile ina toleo jingine, limesomwa na mwanamke. Saa 11 na dakika 20. Sauti yake ni ya kawaida kabisa, ungeisikia kwenye foleni usingegeuka. Ila haizami chini ya cherehani, na mwenyewe anajua kunyamaza. Haigizi watu, anabadilisha mwendo tu: bibi anavuta maneno, mjukuu anayarusha, na ugomvi wao ukaniacha nimeshika kitambaa mkononi bila kukishona. Yule daktari anamsoma kwa upole, kama jirani mwema anayekuja kukujulia hali. Nilikuwa nimeshamjua, lakini kufika sura ya 15 nikaanza kujiuliza kama nilimsingizia.

Toleo la kwanza nalipa nyota 2, na zote ni za mwandishi. La pili 4 na nusu. Nusu namkata kwa sababu anavuta pumzi kwa kishindo kabla ya kila sura, na ukivaa visikizi unashtuka.

Mkitaka kuchagua, sikilizeni kionjo kwanza, lakini mkijue. Mara nyingi kinakatwa mwanzoni mwa kitabu, kwenye maelezo ya mvua na milima, ambako hata mbovu husikika vizuri. Mtu hupimwa penye mazungumzo. Kwa asiye na haraka ya vitabu vipya kuna LibriVox, ambako tangu 2005 watu wa kujitolea wanasoma bure vitabu vilivyokwisha muda wa hakimiliki. Huko kitabu kimoja kinaweza kubadilisha msomaji kila sura. Wengine inawakera. Mimi ndiko nilikojua kwamba sauti nene, ambazo nilidhani nazipenda, zinanipa usingizi.

Usiku wa pili, daktari alipoanza kukiri, nilishona mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia. Nikagundua wakati wa kupiga pasi. Nilifumua, nikarudisha sura ileile mwanzo, nikashona upya.