Behewa la Rais Truman katika Jumba la Makumbusho la Reli la Gold Coast, Miami

Kati ya vyombo vyote vya reli vilivyohifadhiwa katika jumba hili, behewa liitwalo Ferdinand Magellan ndilo linalostahili safari ya mgeni. Lilijengwa na kampuni ya Pullman mwaka 1929, kisha mwaka 1942 likavikwa bamba za chuma na vioo vinene visivyopenywa na risasi kwa ajili ya Rais Roosevelt wa Marekani, hata uzito wake ukapita tani 125. Ndani mna chumba cha kulia ambacho pia kilitumika kwa mikutano, vyumba vinne vya kulala na sebule ndogo. Vyote ni vya kubana, na mtu anayetarajia fahari ya ikulu hataiona.

Thamani yake kubwa, kwa maoni yangu, iko kwenye kibaraza cha nyuma. Juni 1948 Harry Truman alilisafiria takriban wiki mbili kupitia majimbo ya magharibi, akililaumu Bunge la 80 la Marekani, lililokuwa mikononi mwa wapinzani wake wa chama cha Republican, katika hotuba fupi zisizosomwa kwenye karatasi, mbele ya watu waliokusanyika kando ya reli. Mjini Omaha ukumbi mkubwa ulibaki na viti vingi vitupu, lakini kwenye stesheni ndogo wananchi walimsikiliza kwa karibu, na Novemba akamshinda Thomas Dewey, mgombea wa Republican, katika uchaguzi wa rais. Ukikitazama kibaraza hicho chembamba, unaelewa vyema jinsi mgombea alivyoweza kuzungumza na wakulima na wafanyakazi wa reli ana kwa ana. Wapenzi wa historia ya siasa waanzie hapo kabla ya kuyageukia mabehewa mengine.