Sona inazimika ukiwasha injini? Nunua kwa mpangilio huu

Ukiwasha injini ya boti, sona ya kutafutia samaki inazimika. Ukibonyeza kitufe cha redio ya VHF uongee, GPS inajiwasha upya. Wengi hapo hukimbilia betri mpya, mambo yakatulia kwa muda, kisha shida ikarudi ilikokuwa, kwa sababu mara nyingi umeme haupotei kwenye betri bali njiani, kati ya betri na vyombo hivyo, yaani sona, GPS na redio. Ndiyo maana nimeipanga orodha hii kinyume na mazoea: kwanza kile kinachokuonyesha volti zinapotelea wapi, mwisho kile kinachouficha upotevu wenyewe.

1. Multimita

Hiki ni kipimo cha umeme. Ya bei ya chini inatosha, mradi isome volti za DC (umeme wa betri) hadi desimali mbili. Nunua pamoja nayo mita kadhaa za waya mwembamba wa kurefushia ncha zake. Wembamba hauna madhara hapa, maana kipimo chenyewe karibu hakivuti umeme.

Pima kila kitu kikiwa kimewashwa. Waya uliooza utakuonyesha volti 12.6 safi kabisa endapo hakuna kinachovuta umeme, na hapo ndipo mafundi wengi hudanganyika. Weka ncha moja kwenye nguzo chanya ya betri (kwenye risasi yenyewe, si kwenye klempu) na nyingine kwenye chanya inayoingia kwenye sona. Namba inayotokea ndiyo volti zinazopotea upande huo. Rudia upande wa hasi, kisha ujumlishe. Kwa mfumo wa volti 12, vyombo vya kuongozea havitakiwi kupoteza zaidi ya asilimia 3, yaani volti 0.36. Zikizidi, sogeza ncha kituo kwa kituo: kishikio cha fyuzi, swichi, kila kiungio. Kiungio kizima husoma karibu na sifuri.

Betri ya asidi iliyopumzika saa kadhaa isome 12.6 au zaidi ikiwa imejaa, 12.2 ni kama nusu, na chini ya 12 imekwisha. Injini ikinguruma, tarajia takriban 13.8 hadi 14.4. Ikibaki 12.5, chaji haifiki, na hakuna kitu kwenye orodha hii kitakachokusaidia kabla hilo halijatengenezwa.

2. Waya na teminali

Hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi kubwa kuliko popote. Chukua boti ambayo betri iko tezi na vyombo viko mita 6 mbele. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 12. VHF ya wati 25 ikirusha sauti huvuta kama ampea 5. Kwa waya wa milimita za mraba 1.5 utapoteza takriban volti 0.7, kwa waya wa 6, chini ya 0.2. Betri ni ile ile.

Tafuta waya wa shaba wenye nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati. Waya wa kawaida wa gari hunywa chumvi ukaoza ndani ya ganda huku nje ukipendeza. Chuna kidogo uone: nyuzi zikiwa nyeusi au za kijani, usiunge, badilisha wote. Teminali ziwe za kubana, zenye mpira wa kusinyaa uliopakwa gundi ndani, na koleo la kubania liwe la kweli, si plaisi. Lehemu peke yake hukakamaza waya, nao hukatika kwa mtetemo. Kusokota na kuzungushia tepu sitakuzungumzia.

3. Kisanduku cha fyuzi cha vyombo pekee

Sona, GPS na VHF vipate njia yao kutoka kwenye betri, bila kuchangia na pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya boti) wala taa. Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na nguzo chanya. Chagua fyuzi bapa. Vile vishikio vya fyuzi za kioo vyenye springi hushika kutu upesi.

4. Betri ya pili

Nunua ikiwa tu multimita imeonyesha volti zinaanguka kwenye nguzo zenyewe za betri injini inapowashwa. Betri moja ibaki ya kuwashia, nyingine ya vyombo, na hii iwe ya kutoa umeme polepole kwa muda mrefu. Vyombo vikivuta ampea 3.5 kwa saa 8, hizo ni ampea-saa 28. Kwa kuwa betri ya asidi haifai kushuka chini ya nusu, tafuta ya 60 au zaidi. AGM, betri ya asidi ambayo asidi yake imefyonzwa ndani ya mikeka, ndiyo chaguo langu kwa boti nyingi: imefungwa, haimwagiki, haina masharti mengi.

Lithiamu (LiFePO4) ni nyepesi sana, na volti zake hukaa karibu na 13 hadi karibu na mwisho. Uzuri huo una ubaya wake: volti kwenye kioo cha sona hazitakuonya, zitaporomoka ghafla. Inataka chaja yake, na isiunganishwe sambamba na betri ya asidi.

5. Kifaa cha kupandisha volti

Cha mwisho kwa makusudi. Volti zinazoingia zikipungua, chenyewe huvuta ampea zaidi, na waya mbovu unazidi kupoteza. Kina matumizi moja halali: kuziba ule mshuko wa muda mfupi wakati wa kuwasha injini, kwenye boti ambayo waya wake tayari ni mzima na nafasi ya betri ya pili haipo. Vya bei rahisi hutoa kelele inayotapakaa kama vumbi kwenye kioo cha sona, kwa hiyo kabla hujakifunga, kiwashe usikilize VHF kwenye chaneli tupu huku umefungua skwelchi (kidhibiti kinachonyamazisha mvumo). Mvumo ukiongezeka, kirudishe dukani.