Mapambo ya baiskeli na gari: ninavyoyapanga mimi, mtu wa Tanga, kuanzia lililo bora

Tanga baiskeli huvalishwa. Utaikuta Phoenix ya inchi 28 imeegeshwa Ngamiani, usukani una riboni, keria imesukwa mipira ya rangi tatu. Utadhani ya bwana harusi, kumbe mwenyewe anauza dagaa. Ukitaka kununua pambo, lipime kwa chumvi na jua. Hayo mawili hapa hayana huruma.

La kwanza kwangu ni kengele ya shaba ya njano. Muuzaji atakuapia kuwa zote ni shaba, kwa hiyo nenda na sumaku, hata ya spika mbovu ya redio. Iguse kwenye kikombe cha kengele. Ikinata, hicho ni chuma kilichong'arishwa juu, na upepo wa bahari utakiotesha kutu. Isiponata usishangilie bado, maana aluminiamu nayo hainati: fungua uchungulie ndani, shaba ni ya njano hadi ndani. Ikififia, ndimu na majivu, suuza, kausha.

La pili, mpira wa madigadi ya nyuma wenye maneno. Unakatwa kwenye tairi kuukuu na kuandikwa kwa mkono, rangi ya mafuta. Mwambie fundi aweke rifleta nyekundu katikati, usiku itakuokoa. Na maneno mwandikie kwenye karatasi! Wangu ulitakiwa useme "Nipe nafasi", ukarudi "Nipe nafsi". Nimeuacha hivyohivyo, watoto wa mtaani wameshanibatiza.

Shanga za spoki ni za tatu: bei ndogo, tiki-tiki yake mtoto anaipenda, mzazi havumilii. Maua ya plastiki yaache. Jua la miezi michache tu yanageuka rangi ya chai ya jana.

Kwa gari sina mengi. Vya kuning'iniza kwenye kioo cha ndani vinacheza mbele ya macho ya dereva. Kope za taa zinachekesha, ila ziko kwa gundi, na ukiosha gari mara mbili tatu linabaki na jicho moja.

Wa mwisho kabisa ni mdoli wa kutikisa kichwa juu ya dashibodi. Wangu gundi ililainika kwa jua la mchana, nikakata kona ya kwenda Pangani, akaviringika hadi chini ya pedali ya breki. Sasa anakaa juu ya friji, anatikisa kichwa kila mlango ukifungwa.