TAHADHARI: Meseji ya "bei za mazao" imenila salio wiki tatu

Jamani, naandika kwa hasira na aibu, maana mimi ndiye huwa nawacheka wenzangu wa "ile hela tuma kwa namba hii". Zamu yangu imefika.

Alfajiri ile nipo sokoni Mbuyuni, hapa Moshi, gari la mahindi ndiyo linashusha, simu mkono huu, kalamu mkono huu, nahesabu magunia. Ikaingia meseji: pata bei za mazao kila asubuhi, jibu NDIYO. Nikajibu. Mpaka chini sikusoma. Ningesoma saa ngapi, na kuli ananipigia kelele kama ni la kumi na saba au la kumi na nane, na kioo cha simu yangu kimepasuka? Halafu haikutoka namba ya mtu. Ingeanza na 07 ningeshtuka. Hii ilikuwa namba fupi, tarakimu tano, nikajua hawa ni mtandao wenyewe. Na bei kwangu ndiyo ugali.

Siku ya kwanza wakaniletea bei ya mahindi. Ya Dar! Siku ya pili, "Nyota yako leo". Siku ya tatu, mbinu za kumteka mpenzi, saa nne usiku, na simu anayo Baba Neema anaangalia matokeo ya mpira. Usiku ule tuuache.

Nikiweka buku nijiunge bando, naambiwa salio halitoshi. Nikamrudia Mangi wa dukani nikamkoromea mbele ya wateja wake kwamba ananirushia pungufu. Kumbe ni 150 kila meseji, mbili kwa siku, siku 21. Shilingi 6,300! Siku nisiyo na salio wananivizia, nikiweka tu wanakata kabla sijafika kwenye menyu ya bando.

Nikapiga huduma kwa wateja. Binti akanieleza taratibu kama anamfundisha mtoto: ni kampuni nyingine inayotumia namba fupi, makato yanapitia kwenye laini yangu, na ile NDIYO ndiyo kujisajili, itakata kila siku mpaka nijitoe. Nikamwambia mimi sijasajili kitu. "Ulikubali, mama."

Nilikubali! Hawa wanyang'anywe namba, warudishe hela ya kila mtu, kisha wabebeshwe gunia mgongoni kutoka Mbuyuni mpaka Kiborloni kwa mguu, jua la saa saba. Faini hawaisikii hawa, ni hela zetu wenyewe watalipia.

Haya, cha kuangalia: bei huwa ipo, wanaificha mwisho kabisa, "Tsh150/sms". Na ile meseji inayojitokeza yenyewe katikati ya kioo wakati unafanya mambo yako, usiguse Sawa. Kujitoa ni ONDOA kwenye namba hiyohiyo, wengine wanataka STOP, mimi nilituma mara tatu ndiyo ikakubali. Bora upige huduma kwa wateja uwaambie waondoe huduma zote za kulipia. Wakikuzungusha, nenda TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano inayosimamia mitandao ya simu. Mimi naenda huko, 6,300 yangu siiachi.

Mangi, kama unasoma hapa, nisamehe. Na ile trei ya mayai ya Jumamosi bado naitaka.